MAMBO YA NYUMBANI: Kabla ya Kuvuta Waya wa Spika



Juma hili nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho siku hizi hakikosekani katika nyumba nyingi zenye umeme, nacho ni sabufa. Wengi wetu hatukuinunua wenyewe. Imeletwa na kijana atokaye Dar es Salaam au Arusha mwezi wa Desemba, ajapo kula sikukuu na wazee wake. Ashuka katika basi hapa barabarani, sanduku begani, watoto wamkimbilia. Siku ile ile afungua sanduku, achomeka nyaya, na nyimbo zaanza hata kabla hajanywa maji. Baada ya siku kumi kijana apanda basi, arudi kazini kwake. Sabufa yabaki, nyaya zabaki, na mashauri yote ya nyumba juu ya sabufa hiyo yabaki pia.

Hayo ndiyo yaliyotupata sisi, nami nawaeleza ili yasiwapate ninyi.

Mdogo wangu alituletea sabufa nzuri, yenye sanduku moja kubwa la sauti nzito na spika ndogo mbili. Zote tatu alizipanga juu ya kabati, katika pembe ya sebule. Lakini baba yetu, mwenye umri wa miaka 78, haketi sebuleni. Mahali pake ni barazani, karibu na dirisha, apate upepo, maana joto la huku chini tambarare mwalijua. Tangu zamani husikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku akiwa katika kiti chake hicho. Na masikio yake yamepungua nguvu.

Basi kila jioni aliita, "Ongezeni sauti!" Tukaongeza. Akaita tena, tukaongeza tena. Mwisho vikombe vilitetemeka kabatini, binti yangu aliye darasa la saba akafunga daftari lake, na mama jirani mwenye mtoto mchanga akaja mlangoni, akasema kwa adabu, "Jirani, nisameheni. Mtoto hajalala vema tangu juzi."

Nikapunguza sauti. Kisha nikamwambia baba, kwa haraka na bila kufikiri, kwamba nyumba hii si ya mtu mmoja. Baba hakujibu neno. Kesho yake, ilipofika saa mbili usiku, kiti kilikuwa kitupu. Mzee alikuwa amekwenda kulala. Kesho kutwa vivyo hivyo. Nilidhani amechoka. Yalipita majuma matatu ndipo nikatambua ya kuwa baba haulizi tena habari za dunia. Yeye aliyekuwa akitueleza mambo ya Bunge na bei ya mkonge kabla sisi hatujasoma gazeti, sasa alikuwa akiokota habari kwa wapita njia. Tulikuwa tumemtoa mzee katika mazungumzo ya nyumba yake mwenyewe, na kosa halikuwa la masikio yake. Kosa lilikuwa la mahali tulipoziweka spika.

ANZA NA SIKIO

Tulipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu alitufundisha ya kuwa sauti ya mwalimu hupimwa kwa mtoto aketiye benchi la nyuma. Tena alisema, mtoto yule asiposikia, mwalimu asipige kelele, bali asogee karibu naye. Mimi baadaye niliacha ubao na chaki nikawa karani wa parokia, lakini neno hilo lilinirudia usiku mmoja nilipokuwa nakitazama kile kiti kitupu.

Nalo lina hesabu yake. Mahali pa wazi pasipo kuta, ukijiweka mbali na spika mara mbili kuliko ulivyokuwa, nguvu ya sauti ikufikiayo yapungua ikabaki robo. Spika yetu ilikuwa mita 6 kutoka kwa baba. Kama ikisogezwa hata iwe mita 1 na nusu, umbali umekuwa robo, na nguvu imfikiayo yaongezeka mara 16. Maana yake wati 2 zilizo karibu zafanya kazi ya wati 32 zilizo mbali. Ndani ya nyumba kuta hurudisha sauti, kwa hiyo tofauti haiwi kubwa hivyo. Lakini faida ya kusikia maneno waziwazi yabaki kubwa, kwa sababu mwangwi wa kuta haumchanganyi msikilizaji.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila hesabu. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, redio zilikuwa chache, na hata mwaka 1965 lilipopatikana jina la Redio Tanzania Dar es Salaam, mahali pengi redio moja ilitumikia nyumba nyingi. Baba hueleza jinsi walivyobeba vigoda vyao kwenda kwa mwenye redio, na mwenye masikio mazito aliachiwa nafasi ya mbele. Siku zile mtu alipeleka sikio lake kwenye redio. Siku hizi waya waweza kuipeleka sauti kwenye sikio. Basi, swali la kwanza la mwenye sabufa lisiwe, "Nitaiweka wapi ipendeze?" Na liwe, "Nani atasikiliza, naye aketi wapi?"

CHORA KWANZA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nilichukua daftari la mwanangu nikachora nyumba kama mtu aitazamaye kutoka juu: kuta, milango, madirisha, soketi za umeme, kabati, na kiti cha kila mtu. Kisha nikachora njia ya waya kwa kalamu nyekundu. Fanya hivyo kabla hujakwenda dukani. Karatasi yafutika, lakini tundu la ukutani halifutiki.

Baada ya kuchora, pima. Kwa macho nilidhani mita 5 zatosha. Nilipopima kwa futi kamba, nikaufuata ukuta, nikapanda pembeni mwa mlango na kushuka upande wa pili, nilipata mita 7. Nikaongeza mita 1 ya akiba, ili waya usikazwe na ili sabufa iweze kusogezwa wakati wa kufagia. Jumla mita 8.

UNENE WA WAYA

Sasa yatupasa kujua jambo moja. Waya wa spika una njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kwa hiyo mita 8 za waya ni mita 16 za safari ya umeme. Waya mwembamba huipinga safari hiyo, na sehemu ya nguvu ya mtambo hupotea njiani badala ya kuisukuma spika.

Tazama nyuma ya spika yako. Utaona namba 4, 6 au 8, na kando yake alama mfano wa kiatu cha farasi. Hizo ni omu, yaani kipimo cha upinzani wa spika. Mafundi wengi hutumia kanuni hii: upinzani wa waya wote usizidi sehemu moja katika 20 ya upinzani wa spika. Spika ya omu 4 yataka waya usiozidi omu 0.2, ile ya omu 8 yaruhusu hata omu 0.4.

Spika zetu ni za omu 4. Kwa safari ya mita 16, waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 0.5 una upinzani wa omu 0.55 hivi, nao ni mwingi mno. Wenye milimita mraba 1.5 una omu 0.18, nao wafaa. Wenye milimita mraba 2.5 una omu 0.11, nao wafaa zaidi, lakini kwa nyumba ndogo kama yetu ni kutupa fedha. Nilinunua wa 1.5.

Ukiwa dukani, kwaruza ncha ya waya kwa kisu. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Ikiwa ndani ni nyeupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Haikatazwi kwa spika, ila upinzani wake ni mkubwa kuliko wa shaba, kwa hiyo chukua iliyo nene zaidi, wala usiilipie bei ya shaba.

USIONGEZE SPIKA OVYO

Wengi wakitaka sauti ifike chumba cha pili, hununua spika nyingine na kuiunga pale pale ilipoungwa ya kwanza. Angalia sana! Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba, mtambo waziona kama spika moja ya omu 2. Hapo umeme mwingi kupita kiasi hutoka, mtambo hupata joto, na mwisho huungua. Spika mbili za omu 8 zikiungwa hivyo huwa omu 4. Soma kwanza nyuma ya mtambo uone omu ndogo kabisa uwezayo kuistahimili, wala usishuke chini ya hapo.

Mimi sikununua spika yoyote. Nilichukua moja ya zile mbili ndogo nikaipeleka kwa baba, na ya pili ikabaki sebuleni. Kweli, muziki uliotengenezwa kwa pande mbili hupungukiwa kidogo, maana upande mmoja u barazani na mwingine u ndani. Lakini katika taarifa ya habari sauti ya msomaji hutoka pande zote mbili sawasawa, na hapotezi mtu neno.

Ikiwa ninyi nyote mwaketi sebuleni, ziacheni zote mbili humo, zitengane kadiri ile ile zilivyo mbali nanyi, kama pembe tatu zilizo sawa. Ziwe kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, kama mita 1 kutoka sakafuni. Tena hakikisha waya mwekundu umeingia penye chanya na mweusi penye hasi kwa spika zote mbili. Ukigeuza mmoja, spika moja yasukuma hewa wakati nyingine yaivuta, na sauti nzito yapotea. Kama alama zimefutika, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa nukta moja katika nyaya za spika, baada ya kuzichomoa katika mtambo. Ngozi ya spika ikiruka mbele, upande uliogusa chanya cha betri ndio chanya cha spika.

NJIA YA WAYA, NA KOSA LANGU

Sasa nikiri kosa. Kabla sijachora wala kupima, nilikuwa nimejaribu kwa njia ya mkato. Nilivuta waya mwembamba chini ya mkeka, nikaukatisha mlangoni, na maungio nikayafunga kwa kipande cha karatasi ya nailoni. Siku ya nne miguu ya watu ilikuwa imeyasaga yale maungio. Njia mbili ziligusana, sabufa ikanyamaza ghafula, na harufu ya kuungua ikajaa sebuleni. Kwa bahati njema ilikuwa fyuzi tu, na fundi akaibadilisha. Aliponionyesha ile nailoni iliyoyeyuka niliona haya, maana mkeka huo ndio watoto hulalia mchana.

Basi yashikeni haya:

1. Zima mtambo na uchomoe plagi ukutani kabla ya kugusa waya wowote.

2. Usipitishe waya chini ya mkeka wala mlangoni unapokanyagwa. Upandishe pembeni mwa fremu ya mlango, uushike kwa klipu ndogo za plastiki. Usiukaze kwa msumari uliokunjwa, kwa kuwa msumari hukata ngozi ya waya.

3. Penye maungio, sokota shaba vizuri, uichomelee kwa risasi kama una fundi, kisha funga kila njia peke yake kwa tepu ya umeme. Na maungio ya njia moja yasikae mkabala na ya njia nyingine.

4. Waya wa spika usiandamane na waya wa umeme wa nyumba. Ukilazimika kuukatisha, upite kama msalaba, usilale kando yake.

5. Waya wa spika usitumiwe kamwe kuvutia umeme wa soketi. Umeme wa nyumbani ni volti 230, nao huua. Nimeona mtu akiwashia taa ya kibandani kwa waya wa spika. Jambo hilo ni kualika moto na msiba. Kazi ya soketi mwachie fundi umeme anayejua kazi yake.

6. Akina mama, nawaomba radhi, lakini kile kitambaa kizuri cha kufuma kisifunike matundu ya sabufa. Ndani yake mna joto litakalo kutoka. Kitambaa kipambe meza.

7. Radi zianzapo milimani, chomoa. Umeme ukikatika, chomoa pia, kwa sababu urudipo waweza kuja na kishindo.

VUMBI, BESI NA JIRANI

Hedaru yetu ina vumbi na upepo, nayo mvua ikija huja kwa mashavu. Spika ya ndani haifai kukaa nje. Kwa hiyo niliiweka ya baba ndani, juu ya kizingiti cha dirisha lililo nyuma ya kiti chake, ikitazama barazani. Dirisha likifungwa, spika imo salama.

Kisha nikalishughulikia lile sanduku kubwa. Pembe ya nyumba huikuza sauti nzito kama mtu asemaye ndani ya pipa, na sauti nzito ndiyo ipitayo kuta hadi kwa jirani. Nikalitoa pembeni, nikaliweka sakafuni kama nusu mita kutoka ukutani, na besi nikaipunguza. Siku hiyo hiyo vikombe viliacha kutetemeka. Tena tukatundika pazia nzito katika ukuta mtupu, kwa maana saruji na mabati hurudisha sauti, na nguo huimeza.

Jambo la jirani si la hisani peke yake. Nchini mwetu ziko kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lakini heri jirani apate usingizi kwa sababu umemfikiria kuliko kwa sababu umeshtakiwa.

MASIKIO YA WAZEE

Mzee apungukiwapo na masikio, mara nyingi sauti nyembamba ndizo zitokazo kwanza: s, f, sh, t. Ndiyo sababu husema, "Nasikia mtu asema, lakini sijui asema nini." Ukimwongezea besi wamwongezea ngurumo tu. Mwongezee trebo, na umsogezee spika. Na umpeleke hospitali masikio yakapimwe, kwa maana wakati mwingine ni nta tu iliyoziba, na wakati mwingine kifaa cha kusaidia kusikia chaweza kumfaa sana.

Vijana nao wajihadhari. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa juma katika sauti ya desibeli 80. Ikifika desibeli 90, saa zenyewe ni 4 tu kwa juma zima. Aketiye karibu na sabufa iliyofunguliwa mpaka mwisho ajikopea uziwi, naye atalipa uzeeni.

KITI CHA BABA

Nilipomaliza kazi, ilikuwa Jumamosi alasiri. Nilimwendea baba chumbani, nikamwamkia, nikamwomba radhi kwa lile neno nililolisema. Akanitazama kitambo, kisha akaniuliza kama nimekwisha kunywa chai. Nikajua amenisamehe.

Saa mbili usiku nilimsindikiza barazani. Binti yangu alikuwa mezani na hesabu zake, na sauti ya sebuleni ilikuwa ndogo hata niliisikia kalamu yake. Habari zikaanza. Baba aliinama kidogo, akageuza sikio upande wa dirisha, akasikiliza bila kuita mtu. Baadaye akasema, "Huyu mtangazaji leo ameacha kumung'unya maneno." Nikataka kumweleza habari za omu na mita, naye akainua mkono akasema, "Ngoja kwanza, wasema habari za mvua."

Basi wasomaji wapenzi, sabufa haikuongezwa nguvu hata kidogo. Gharama yetu yote ilikuwa mita 8 za waya, klipu, tepu na karatasi moja ya daftari. Leo jioni, kabla hujaongeza sauti, zunguka nyumba yako utazame kila kiti. Kama kimo kitupu ambacho zamani kilikuwa na mtu, chukua kalamu uanze kuchora kutoka pale.

Kwa herini mpaka juma lijalo.